Wanaotaka Tanzania itoke EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki), hebu tukumbushane 1977 kwanza

KambaYaBluu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wiki nzima hii kila nikifungua jukwaa nakutana na tutoke EAC, tutoke EAC. Mara Wakenya wanatudharau, mara Wakongo wametuletea vita yao, mara kuna nchi hazilipi michango na sisi tunalipa, basi tutoke tubaki na SADC yetu, ile jumuiya ya kusini mwa Afrika. Nimeona nikikaa kimya sijitendei haki maana hii kitu ndo inanilipia ada za watoto. Andiko refu, mwenye haraka aruke.

Mimi nanunua vitunguu Mang'ola kule Karatu napeleka Nairobi. Sina gari, tunachangishana wafanyabiashara kadhaa tunajaza fuso, kila mtu nyavu zake anazifunga kamba ya rangi yake ili kule sokoni tusigombane, mwenzangu nyekundu mimi bluu. Fuso likitoka Arusha likapita Longido likafika Namanga halisimami upande wetu kama zamani. Linavuka moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, humo ndani utakuta dirisha la TRA, watu wa kodi wa kwetu, hatua chache dirisha la KRA, wa kodi wa Kenya, uhamiaji wa nchi zote mbili, na wakaguzi wa mimea. Hiki kituo cha pamoja walikizindua Magufuli na Uhuru Disemba 2018. Kabla yake ulikuwa unamaliza foleni ya kwetu unaenda kuanza upya ya kwao, jua la Namanga mnalijua, kitunguu kikikaa juani kwenye gari lililofunikwa turubai kinaanza kutoa maji kwa chini na mnunuzi wa Nairobi akibonyeza kikabonyea anakukata bei hapohapo.

Sasa karatasi. Unakuwa na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, na unakuwa na cheti cha uasili, yani karatasi inayosema hiki kitunguu kimelimwa Tanzania. Mzigo usiozidi dola 2,000 na bidhaa ikiwa kwenye orodha unapewa kile cheti rahisi pale pale mpakani, huhitaji wakala wa forodha akutoze. Mtu akiniuliza EAC ni nini namuonyesha hiyo karatasi ya uasili. Ukiwa nayo ushuru wa forodha ni sifuri. Ukiwa huna wewe ni mtu wa nje, na mtu wa nje anakutana na ushuru wa pamoja: kuna 0, kuna asilimia 10, kuna 25, na tangu Julai 2022 wakaongeza ngazi ya 35. Halafu kuna bidhaa nyeti zenye ushuru wake wa peke yake, mahindi asilimia 50, mchele 75, sukari 100.

Naomba msome tena hapo kwenye mchele. 75. Siku tukitoka, mchele wa Kahama na wa Kyela unaenda kupanga foleni moja na wa Pakistan mbele ya forodha ya Kenya, Uganda na Rwanda. Anayesema tutoke aende kwanza akakae na wakulima wa Kahama awaambie hiyo 75 wataipunguza wapi, maana mnunuzi wa ng'ambo hatoiongeza yeye, ataikata kwenye bei ya gunia.

Sasa nirudi kwenye kichwa cha habari. Vijana wengi mnaongea kama kutoka ni kitu kipya. Jumuiya ya kwanza ilianza 1967 ikafa 1977. Tulikuwa na ndege moja, reli moja, bandari moja, posta moja. Makao ya reli na ndege Nairobi, bandari Dar, posta Kampala, sekretarieti Arusha. Januari 1977 ndege za East African Airways zikasimamishwa Nairobi kwa ugomvi wa madeni na kina nani hawajachangia, Wakenya wakaanzisha Kenya Airways, na sisi Februari, siku zilezile CCM inazaliwa, tukafunga mpaka. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokuwa huku yakashikiliwa. Kufika Julai Jumuiya haipo.

Mpaka ule ulifunguliwa Novemba 1983. Hesabuni wenyewe. Muda wote huo mtu wa Tarakea na shangazi yake wa Loitokitok wanaonana kwa njia za panya, kitunguu hakivuki, ng'ombe havuki, treni ya Voi, Taveta na Moshi haina abiria wa kuvusha. Kugawana mali kukasumbua mpaka akaletwa Mswisi, Victor Umbricht, makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984. Meli za Ziwa Victoria ziligawanwa, ndo maana MV Victoria na MV Umoja ni zetu na MV Uhuru ikabaki Kisumu.

Sasa fananisheni na Januari 2024. Kenya waliikatalia Air Tanzania ndege ya mizigo, sisi tukatangaza kuzuia Kenya Airways kuleta abiria Dar. Ugomvi wa ndege uleule kama wa 1977! Safari hii ulikwisha ndani ya siku chache. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, barua ilitoka Ijumaa, Jumatano iliyofuata wakalegeza kwa masharti. Mei Mama Samia akaenda Nairobi, na mwaka huo Kenya wakanunua kwetu bidhaa za zaidi ya shilingi bilioni 50 za kwao, karibu mara mbili ya mwaka wa nyuma.

Hoja yangu ndo hii na sitaki ipotee. Ugomvi na jirani hautaisha kwa sisi kutoka. Kenya itabaki palepale, Namanga itabaki palepale, na Wakenya watabaki wafanyabiashara wagumu kama tulivyo sisi. Kitakachoondoka ni kanuni ya kumshikia nayo. Leo afisa akinizuia namuuliza umenizuia kwa kifungu gani. Tukitoka anaweza kunizuia kwa sababu ameamka vibaya, na atakuwa sahihi kisheria.

Naomba kuwasilisha.

SautiYaBara

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka mambo. Kwanza mpaka 1977 alifunga Nyerere mwenyewe, sasa wewe unajua kuliko Mwalimu? Pili hao Wakenya unaowasifia Watanzania kazi Nairobi hawapewi, wao wamejaa huku kwenye mahoteli na shule za binafsi. Tatu ardhi. Kenya ardhi wameshaimaliza, wanaitolea macho ya kwetu, na hilo shirikisho la kisiasa likija hatutakuwa na cha kuwazuia. Nne michango, sisi tunalipa na kuna nchi hazilipi. Kwanini tubaki?

KambaYaBluu

SautiYaBara hoja zako ni za kweli nyingi, nakujibu moja moja kwa heshima.

Mwalimu alifunga, ndiyo. Na Mwalimu huyohuyo mwaka 1960 alisema yuko tayari Uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ili tuungane na Kenya na Uganda tukiwa bado hatujazoea kukaa kila mtu na bendera yake, na Juni 1963 alisaini Nairobi yeye na Kenyatta na Obote tamko la kuunda shirikisho. Na aliyefungua mpaka 1983 ni yeye pia. Kwaiyo ukitaka kumtumia Mwalimu mtumie wote.

Ardhi: hili naliona kila siku humu na linaniumiza kwa sababu jibu lipo kwenye karatasi tangu 2009. Itifaki ya Soko la Pamoja kifungu cha 15 kinasema mambo ya ardhi yanafuata sera na sheria za kila nchi. Sisi wenyewe tulilipigania hilo mpaka likaandikwa. Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 mgeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu maalumu. Mkenya anayelima huku kwa jina la Mtanzania, huyo tatizo lake ni Mtanzania aliyemuazima jina, na tukitoka EAC ataendelea kumuazima.

Shirikisho la kisiasa, watu waliulizwa 2006 na 2007, Watanzania wengi tukasema tusiharakishe. Hakuna aliyetulazimisha. Mpaka leo hakuna shirikisho, sarafu moja iliyotakiwa 2024 imesogezwa hadi 2031. Ukiwa ndani ukasema bado, inakuwa bado kweli. Ukiwa nje nani atakuuliza?

Michango nakubaliana na wewe asilimia mia. Nchi isiyolipa ibanwe, na wabunge wetu wa EALA, lile Bunge la Jumuiya, walisimamie hilo mpaka lieleweke. Hiyo ni sababu ya kugombana ndani.

Mtoto_wa_Stesheni

Uzi huu umenigusa. Mzee wangu alikuwa fundi wa East African Railways, tulikuwa tunaishi kota za reli Nairobi, mdogo wangu kazaliwa kule. 1977 tukarudi Tanzania na masanduku, mama hajui hata tunafikia kwa nani. Kazi alipata huku lakini yale mafao ya Jumuiya yalikuwa ni mambo ya kuambiwa njoo kesho. Wale wazee wa iliyokuwa Jumuiya mnaowakumbuka wakienda mahakamani na kukaa barabarani Dar wakidai, miaka ya elfu mbili huko, wengine walikuwa wanabebwa na wajukuu. Mzee alikuwa na bahasha ya kaki ina vitambulisho, hati za mishahara, barua ya kuajiriwa, haruhusu mtu kuigusa. Nchi zikiachana zinaandika mikataba, lakini mfanyakazi ndo anabaki na bahasha. Mimi mtu akiniambia tutoke kwa hasira namuuliza tu nani amepanga hesabu za watakaobaki katikati.

KambaYaBluu

Pole sana ndugu yangu. Hili ndo nilitaka watu walisikie, mimi nina hesabu za vitunguu tu, wewe umeishi.

MamaMachungwa_Kongowea

Ndugu zangu wa Tanzania mimi ni Mkenya, niko Mombasa, nauza matunda pale Kongowea. Naomba niingie japo nyumba si yangu. Machungwa tunayouza msimu mwingi ni ya Muheza, hayo ndiyo wateja wanaulizia, ukimwekea mengine anakwambia mama leo huna ya Tanga? Tunakwenda wenyewe hadi shambani, tunakubaliana na mwenye miti, vijana wanachuma, lori linapitia Horohoro linaingia Lunga Lunga. Sasa mwaka jana 2025 Julai serikali yenu ilitoa ile amri ya biashara ambazo mgeni haruhusiwi kufanya, na kununua mazao shambani imo. Huku watu walilia sana. Mimi sikatai nchi kulinda watu wake lakini jamani sisi ni wageni kweli kwenu? Na yule mwenye miti Muheza alipigiwa simu na nani zaidi ya sisi?

Ninachotaka kusema ni kwamba msifikiri Wakenya wote wanafurahi mkitoka. Wakubwa watapata pengine kwa kununua. Mimi nitakosa chungwa na mtoto wa Muheza atakosa pesa.

SautiYaBara

Mama karibu, ila hiyo amri naiunga mkono. Mnunuzi wa nje akifika shambani anamlaghai mkulima wetu bei, tena kwa lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Dalali wa Kitanzania afanye hiyo kazi.

KambaYaBluu

Hapa nitatofautiana na wenzangu wengi wa huku. Lumbesa ni wizi na upigwe marufuku kwa kila mtu, Mtanzania na Mkenya. Lakini mkulima ananufaika wanunuzi wakiwa wengi. Mang'ola ukikuta wanunuzi wa Nairobi wapo, bei ya asubuhi sio ya jioni, inapanda. Wakiwa hawapo tunabaki sisi madalali wa hapahapa, na mimi ni mmoja wao nawaambia ukweli, tukibaki wenyewe tunaelewana bei. Kama amri ile inagongana na Soko la Pamoja tuliloridhia basi ijadiliwe huko Arusha kwa vifungu. Sisi nasi sio malaika kwenye hii Jumuiya, 2017 tulichoma vifaranga zaidi ya elfu sita Namanga kwa sababu vimetoka Kenya, na ng'ombe wa Wamasai wa ng'ambo tukawapiga mnada. Yule aliyelia siku ile alikuwa mfugaji, waziri hakupoteza kitu.

Mama Machungwa asante kwa kuja.

Wakili_wa_Mtaani

Mmeongea biashara sana, naongezea upande mwingine ambao kwangu ndo mzito kuliko vitunguu, mnisamehe. Mahakama.

Raia wa kawaida wa Tanzania akidhulumiwa na serikali yake na mahakama za ndani zikamshinda, anaenda wapi? Mahakama ya SADC ilisimamishwa 2010 baada ya Zimbabwe kukasirika na hukumu za mashamba. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ambayo iko hapahapa Arusha, Novemba 2019 serikali yetu ilijiondoa kwenye kile kipengele kinachomruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja. Iliyobaki inayompokea mwananchi mmoja mmoja ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Hiyo ndo 2014 ilizuia serikali kujenga ile barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Hiyo ndo Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinavunja Mkataba wa Jumuiya, kesi ya Baraza la Habari na wenzake. Ina mapungufu, muda wa kufungua kesi ni miezi miwili tu na ukichelewa wanakutupa nje. Lakini ipo. Tukitoka EAC hata hiyo tumeifunga, na nina hakika baadhi ya wanaoshabikia kutoka hawajui kwamba wanajifungia mlango wao wenyewe.

Halafu utaratibu wenyewe wa kutoka, Mkataba ibara ya 145: Bunge lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, halafu taarifa ya maandishi miezi 12 kwa Katibu Mkuu, na kwenye hiyo miezi bado unawajibika na michango. Na unaruhusiwa kubadili mawazo kabla haijaisha. Walioandika walikuwa wanaikumbuka 1977, hawakutaka tena nchi itoke kwa hasira za wiki moja.

Jembe_Kyela

Mimi swali. Si kuna eneo huru la biashara la Afrika nzima siku hizi? AfCFTA. Kwanini tusitoke EAC tukabaki na hilo, hata ushuru si unaondoka? Na Waingereza walitoka EU mbona hawajafa.

KambaYaBluu

Swali zuri mkuu. AfCFTA ushuru unapunguzwa polepole kwa miaka, na kila upande umeruhusiwa kuweka pembeni bidhaa inazotaka kuzilinda. Unadhani nchi itakayolinda kitu itaanza na nini kama sio mchele na mahindi? Ndani ya EAC tayari ni sifuri leo. Isitoshe kwenye AfCFTA tumekwenda kama EAC, ushuru tumeuwasilisha pamoja kwa sababu sisi ni umoja wa forodha. Ukitoka unaenda kuanza mazungumzo peke yako.

Uingereza ni nchi tajiri, walipiga kura Juni 2016 wakatoka Januari 2020, miaka yote hiyo serikali haifanyi kingine. Ofisi yao wenyewe ya makadirio ya bajeti inasema tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 hivi kwa muda mrefu kuliko wangebaki. Hawajafa, ila wao wana akiba ya kukosea. Mkulima wa Kyela akikosa soko msimu mmoja anauza shamba.

Na hili la kususa tulishalipita. 2013 Kenya, Uganda na Rwanda walikuwa wanakutana wenyewe, sisi na Burundi hatuitwi, humu jukwaani watu walichafukwa kweli. Novemba Rais Kikwete akasimama Bungeni Dodoma akasema hatutoki. Wapo waliomwita mnyonge. 2016 Uganda wakaamua bomba lao la mafuta lipite wapi, na Kenya walikuwa wanalitaka. Likaja Tanga, kilomita 1,443 kutoka Hoima, sehemu kubwa iko kwenye ardhi yetu. Sisemi ni EAC peke yake iliyoleta, bei na usalama wa njia vilichangia sana, lakini jirani uliyemsusa na kumfungia mlango hakuletei bomba.

SautiYaBara

Sawa mkuu, ya mchele na ya mahakama nimeyaelewa. Lakini usiniambie ule ugomvi wa ndege 2024 ulimalizwa na EAC. Walipigiana simu mawaziri wakamaliza, sekretarieti Arusha ilikuwa inasoma kwenye magazeti kama mimi. Na Kongo, Goma ilichukuliwa Januari 2025 na waasi wa M23 wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, wakati Rwanda na Kongo wote wanachama. Jumuiya ilifanya nini?

KambaYaBluu

Ya simu za mawaziri ni kweli. Lakini mawaziri hao wanafahamiana kwa sababu wanakaa meza moja mara kwa mara kwenye mabaraza ya Jumuiya, wana namba za simu. 1977 hata mazungumzo yalikuwa hayapo tena, Kampala ilikuwa kwa Amin na Mwalimu hakukaa naye meza moja.

Kongo inaniuma na sina la kujitetea. Kikosi cha Jumuiya kilienda Novemba 2022 kikaondoka Disemba 2023, Kinshasa hawakuridhika nacho. Februari 2025 wakuu wa EAC na SADC walikutana Dar kwa pamoja. Vita haikuisha. Mimi nasema tu Kongo ni mteja mkubwa wa bandari ya Dar, mzigo wake unapita Tunduma na Kigoma, hata tukitoka kesho vita ya Goma itatufuata kwa wakimbizi na kwa malori yaliyokwama. Afadhali tuwe na kiti tunapozungumzia.

Mtoto_wa_Stesheni

Mkuu sasa kama tunabaki, wewe ungetaka nini kibadilike? Maana kubaki tu bila kubadili kitu hata mimi sitaki.

KambaYaBluu

Kwanza kitambulisho. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mimi wa NIDA natakiwa pasi au hati ya muda ya kusafiria, na kuna kinamama wa Namanga wanaouza nyanya ng'ambo ambao hati ikiisha muda wanapita njia za panya, wakikamatwa huko wanapoteza mzigo wote na hawana pa kulalamika. Pili vikwazo vya barabarani, sio mpakani, barabarani. Mpakani nimemaliza vizuri, halafu kuanzia hapo hadi sokoni kila kizuizi kuna mtu anataka kuangalia karatasi zilezile, na huku kwetu kutoka Karatu hadi Namanga ni hivyohivyo. Kuna utaratibu wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha kwa simu na mtandaoni, wengi hatuujui, ofisi za biashara za wilaya zingeufundisha minadani na magulioni. Tatu ile orodha ya bidhaa za cheti rahisi ibandikwe ukutani Namanga, Holili, Sirari, Mutukula, Horohoro, kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka, maana asiyejua haki yake anaishia kumlipa mtu wa pembeni amjazie fomu ambayo ni ya bure.

Wenye la nne na la tano waongeze hapo chini. Mimi alfajiri tunapakia.